Bango la Mkuyuni

Inspekta Grettel Umaña hakuwahi kusikiliza kesi ya mtu kabla ya kahawa, na wakubwa zake kule San José walishachoka kumkaripia. Asubuhi ile alikunywa vikombe viwili jikoni kwa Doña Hortensia, mwenye nyumba ya wageni, akasindikizia na chapati ya mahindi yenye jibini la San Ramiro, lile bichi linalolia meno yakiliuma. Alikuwa amelala vizuri, mvua ilikuwa haijaanza, na kesi aliyopewa ilionekana ni ya kumalizwa kabla ya chakula cha mchana. Kwa kifupi, alikuwa na raha zake.

Juu ya friji redio ilikuwa inaongea peke yake. Duka la viatu liliwakumbusha wana wote wa mji kwamba Siku ya Mama imekaribia, na kwamba mwana mwema haendi kwa mama yake mikono mitupu.

“Siku ya Mama?” Grettel akauliza. “Si ilipita mwezi uliopita?”

“Ilipita, na mwanangu alinipa sufuria,” Doña Hortensia akajibu bila kugeuka. “Ndiyo redio yetu hiyo. Kwa kawaida mwezi ukiisha Don Arnoldo anayafagia matangazo yaliyopitwa. Safari hii naona akili yake haipo, maskini. Kuibiwa kitu kibaya.”

“Na aliyeiba?”

Doña Hortensia akasugua meza mahali palipokuwa pasafi tayari. “Mimi sijamtaja mtu. Don Arnoldo ndiye aliyemtaja, tena redioni. Ila jana huyo Yorleny alikuja kununua mayai, nikamwambia kuku wamegoma.”

“Walikuwa wamegoma kweli?”

“Aa, wapi! Mayai yamejaa mpaka aibu.”

Redio San Ramiro ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi zote zilinuka dawa ya kupe. Mkurugenzi wake, Don Arnoldo Quirós, alimpokea Grettel mlangoni kwa sauti ile ile aliyoitumia hewani, nene na ya polepole, hata alipokuwa anamwambia aangalie asijikwae.

“Hazina yote, Inspekta!” alisema, mkono kifuani. “Hivyo ndivyo tunavyoiita, hazina. Sauti za marehemu wetu, marimba ya mzee Tobías, mechi, harusi, kila kitu tangu enzi za kanda. Jumamosi ni sikukuu ya mtakatifu wetu. Watu wanasubiri kuwasikia wazee wao, na mimi nina folda tupu.”

“Nakala hamna?”

“Ilikuwa kwenye mashine ya zamani. Ikapigwa na radi.”

“Nani aligundua kwamba hazina ni tupu?”

“Yorleny mwenyewe, fundi wetu. Jumatatu asubuhi. Alijifanya kushangaa.”

“Alijifanya, au alishangaa?”

“Alipiga yowe mpaka chupa za dawa za ng'ombe zikatikisika huko chini. Mtu mwenye hatia ndiye anayepiga yowe namna hiyo.”

Grettel alishawakamata wenye hatia wengi, na karibu wote walikuwa kimya kabisa. Hakubishana. Aliomba aoneshwe mashine.

Ilikuwa mpya, ngozi ya plastiki bado imeganda kwenye pembe zake. Don Arnoldo alieleza kwamba fundi wa duka moja la Cartago aliileta wiki iliyopita baada ya ile radi, akahamisha kila kitu kutoka kwenye diski iliyonusurika. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Ilikuwa na skrini nyeusi, na kwenye skrini neno moja jeupe, MKUYUNI, likifuatiwa na alama inayopepesa, ikisubiri mtu aandike amri.

Don Arnoldo akafungua kumbukumbu ya amri za Yorleny. Mashine za aina hiyo hukumbuka kila unachoziambia, neno kwa neno. Kwenye skrini amri zenyewe ni vifupisho vya herufi mbili tatu, mtu akivisoma kwa sauti utadhani anakohoa, kwa hiyo hapa tutazisema kwa lugha ya watu. Ya mwisho ya siku ya Ijumaa ilikuwa hii: *Futa vyote vilivyomo humu.*

“Humu wapi?” Grettel akauliza.

“Humu humu! Soma mwenyewe.” Kidole cha Don Arnoldo kikagonga lile neno jeupe. “Mkuyuni. Studio yetu ya kwanza ilikuwa pale mkuyuni, na kanda zote zilikuwa pale. Hazina ndiyo Mkuyuni, Mkuyuni ndiyo hazina. Muulize mtu yeyote barabarani.”

Kusema kweli, hata Grettel aliona kesi imekwisha. Jina lipo, amri ipo, na mahali pameandikwa. Alibakiza swali la sababu kwa ajili ya kutimiza utaratibu tu.

“Sababu? Redio moja ya San José inamtaka,” Don Arnoldo akasema. “Jumamosi alipanda basi la alfajiri amekumbatia boksi la barafu, zito, limefungwa kamba. Nani anakwenda mjini na boksi la barafu lililofungwa kamba? Amenakili, amefuta, amepeleka. Nataka atoke hapa na pingu kabla ya taarifa ya saa sita, Inspekta. Nimeshawaahidi wasikilizaji.”

“Umewaahidi pingu?”

“Nimewaahidi haki.”

“Basi tuanze na hiyo,” Grettel akasema, “pingu ninazo, haziozi.”

Grettel alimkuta Yorleny Chinchilla kwenye chumba kidogo cha chai, ameketi ukingoni mwa kiti kama mgeni, na hali alikuwa amefanya kazi hapo tangu hajaolewa. Macho yalikuwa yamevimba. Grettel akafungua chupa yake ya chai, akammiminia kahawa.

“Sitaki kahawa yao.”

“Si yao, dada. Ni yangu, nimekuja nayo. Kunywa.”

Yorleny akanywa.

“Boksi la barafu,” Grettel akaanza.

“Jibini. Dada yangu kajifungua, na huko San José wanauziwa mpira wanaambiwa jibini.”

“Na ile redio ya huko?”

Yorleny akazungusha kikombe mkononi. Chini mtu alikuwa anabishania bei ya chanjo ya ndama.

“Ukininyamazia, nitabaki na maneno ya Don Arnoldo peke yake,” Grettel akasema. “Nayo hayakupendezi.”

“Nilikwenda,” Yorleny akasema, akiangalia kikombe. “Hata mume wangu hajui. Walinipa soda, wakaniuliza kama naweza kuingia kazini saa tisa za usiku. Nikawaambia saa tisa za usiku hata ng'ombe wetu wanakataa. Nikarudi na basi la jioni.”

Grettel akatoka barazani akapiga simu mbili. Dada mtu alijibu mdomo umejaa, akasema jibini ni tamu na mtoto ni wa kike. Watu wa redio ya San José walisema ndiyo, alifika mikono mitupu, na je, amebadili mawazo? Grettel akarudi akakaa. Habari ya boksi ilikuwa imekufa.

“Sasa niambie ya Ijumaa.”

“Nilisafisha mabaki. Ni folda ya vipande tunavyovikata: mtu kapiga chafya, mtu kasahau alichokuja kusema. Kila Ijumaa navifuta.”

“Una hakika ulifuta mabaki, si hazina?”

Hapo Yorleny akashindwa. Alilia bila sauti, akijifuta kwa mkono wa sweta, na Grettel akamwachia nafasi amalize.

“Ndiyo maana silali, mama,” alisema hatimaye. “Sina hakika. Nilikuwa na haraka, nilitakiwa kwenda kusoma bei ya maziwa. Mashine ni ngeni. Nakumbuka mara moja ilinigomea, nikaendelea. Sijaiba, hilo nitaapa popote. Lakini labda ni mkono wangu uliofuta. Kama ni mimi, nifungeni tu. Sauti ya baba yangu imo humo, na sina nyingine.”

“Bango la skrini lilisema nini ulipofuta?”

“Mkuyuni.”

“Basi ulikuwa kwenye hazina.”

Yorleny akainua uso, machozi na mshangao kwa pamoja. “Nani kakwambia? Bango linasema Mkuyuni siku zote, mama. Ukiwa kwenye hazina, Mkuyuni. Kwenye mabaki, Mkuyuni. Stoo, Mkuyuni. Ni bango tu! Alilibandika Don Eladio zamani.”

Grettel akaweka kikombe chini. Saa nzima alikuwa ameliamini neno lile, yeye mtu wa kitengo cha kompyuta, mwenye vyeti ukutani. Alijiona mjinga, na ujinga wenyewe ukamchekesha, maana alijua ulikotoka. Yeye ni mtu wa nchi hii, na mtu wa nchi hii akiambiwa jina la mahali, haulizi kama mahali penyewe bado papo.

Don Eladio Solano, fundi wa redio aliyestaafu, aliishi mita mia mbili kusini na hamsini magharibi kutoka mkuyuni. Grettel akaenda kwenye mkuyu, ambao upepo uliuangusha kabla yeye hajazaliwa na mahali pake pana kituo cha mafuta, akahesabu kutoka pale, akafika mlangoni bila kupotea. Mzee alikuwa uani, anawakatia sungura majani.

“Wewe ndiye wa pingu?” akauliza. “Umechelewa. Redioni wamesema utakuja tangu jana.”

“Na wewe ndiye mwenye ufunguo wa redio ambao hujaurudisha tangu ustaafu.”

“Ala! Arnoldo kakwambia na hilo?” Mzee akacheka, akaonesha kwa kisu ufunguo uliotundikwa msumarini, umeota kutu, buibui amejijengea. “Muulize huyo buibui kama nimeutumia.”

Grettel akamwangalia buibui, akaridhika. “Nimekuja kwa ajili ya bango, mzee. Mkuyuni.”

“Ee, hilo langu. Mashine ya kwanza ilikuwa inaandika njia nzima pale unapoandikia amri, upo folda gani, ndani ya folda gani. Ndivyo zinavyozaliwa. Arnoldo akalalamika eti inamtia kizunguzungu, mkokoteni wote huo wa maneno. Akataka neno moja tu, la nyumbani. Nikamwandikia Mkuyuni, akafurahi mpaka akaninunulia bia.”

“Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mashine ile hajui yuko wapi.”

“Kwa nini asijue? Anauliza!” Mzee akaandika hewani kwa ncha ya kisu, herufi tatu. “P, w, d, bonyeza, mashine inakwambia: uko hapa. Yorleny nilimfundisha siku yake ya kwanza kazini. Nikamwambia, binti, usivunje kitu kabla hujauliza umesimama wapi. Basi akawa anauliza kila dakika, mpaka nikamtania, kesho utaiuliza mashine njia ya kwenda chooni.”

“Na Don Arnoldo ulimfundisha?”

“Arnoldo?” Don Eladio akatupa majani ndani ya banda. “Arnoldo kazaliwa San Ramiro, baba yake kazaliwa San Ramiro. Amuulize nani njia? Afadhali apotee.”

“Swali la mwisho. Fundi wa Cartago alikuuliza lolote?”

“Alipiga simu. Kasema, mzee, hili bango nilifanyeje? Nikamwambia lihamishe lilivyo, watu wamelizoea.” Akakuna shingo. “Nimeharibu?”

“Bado sijui,” Grettel akasema, na alikuwa anasema kweli.

Aliporudi redioni hakugusa mashine ile. Alichomeka diski yake mwenyewe, akaifanyia mashine nakala kamili, kitu kwa kitu, akazuia mtu yeyote asiandike chochote kwenye ile halisi. Ilichukua muda. Alikula parachichi na chumvi akisubiri, huku Don Arnoldo akizunguka na kuangalia saa ya ukutani. Nakala ilipokamilika, Grettel akaifungua kwenye kompyuta yake, akawaita Don Arnoldo na Yorleny waketi huku na huku.

“Don Arnoldo, asubuhi ulinionesha mstari mmoja wa mwisho,” akasema. “Mimi nataka yote ya Ijumaa. Haya.”

Mistari ilikuwa hii:

*Ingia mabaki.*
*Niko wapi?*
*Panda juu.*
*Ingia mabaki.*
*Niko wapi?*
*Futa vyote vilivyomo humu.*

“Mashine imeandika alichosema Yorleny. Haikuandika ilichomjibu. Kwa hiyo tutapita alipopita, tusikie majibu.”

Akaingia kwa jina la Yorleny. Skrini ikasema MKUYUNI. Akaandika amri ya kwanza, ingia mabaki. Mashine ikajibu kwamba hakuna folda yenye jina hilo.

“Hapo ndipo iliponigomea!” Yorleny akasema.

Grettel akaandika zile herufi tatu, p, w, d. Jibu likaja mara moja, mstari mmoja mfupi:

*/redio/hazina*

“Si nilisema!” Don Arnoldo akaruka na kiti chake. “Alikuwa ndani ya hazina! Amesimama humo humo!”

Yorleny akaziba mdomo kwa mikono miwili. Bango, kwa upande wake, liliendelea kusema MKUYUNI.

“Kaa, Don Arnoldo. Mtu hafungwi kwa kusimama. Bado mistari minne.”

Panda juu. Mashine ikakubali. Ingia mabaki. Ikakubali, bila malalamiko safari hii. Grettel akauliza tena yuko wapi, na wote watatu wakasogeza vichwa.

*/redio/mabaki*

“Na hapa,” Grettel akasema, akigonga meza kwa kidole, “ndipo alipofuta. Mara ya kwanza aliuliza, akaona yupo kwenye hazina, akatoka. Mara ya pili akauliza, akaona yupo kwenye mabaki, ndipo akafuta. Aliuliza mara mbili, dada huyu, na wewe unanitaka nimvike pingu. Angekuwa mtu asiyeuliza, hazina yenu ingekuwa imekwenda na chafya za watu.”

Yorleny alishusha mikono mapajani, akavuta pumzi ndefu, kisha akaanza kucheka na kulia, hata mwenyewe hakujua ni kipi. “Sikukumbuka,” akasema. “Nauliza kila mara, mama, kama mtu anayejaribu komeo la mlango. Nani anakumbuka alijaribu komeo?”

“Sawa, sawa,” Don Arnoldo akasema, sauti ya redio imempungua. “Hakufuta. Basi iko wapi? Hazina ni tupu au si tupu?”

“Tupu kabisa. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Jumapili ulifanya nini kwenye mashine?”

“Mimi?” Akajishika tai ambayo hakuivaa. “Kazi ya kila mwisho wa mwezi. Niliyafagia matangazo yaliyopitwa, nikayapeleka stoo. Miaka yote nafanya hivyo.”

“Matangazo ya Siku ya Mama?”

“Hayo hasa.”

“Leo asubuhi nimesikia duka la viatu linanikumbusha nisiende kwa mama mikono mitupu.”

Don Arnoldo akatazama saa ya ukutani.

“Mashine inacheza matangazo yaliyomo kwenye folda yake, si ndiyo?” Grettel akaendelea. “Kama uliyapeleka stoo, mbona yanaimba?”

“Labda… labda moja lilibaki.”

“Ulipoyafagia ulikuwa umesimama wapi?”

“Mkuyuni!”

“Mkuyuni si uliniambia ni hazina?”

“Ndiyo, ni hazina.”

“Na matangazo yako Mkuyuni?”

“Ndiyo. Hapana. Yaani…” Akaangalia bango, akamwangalia Yorleny, akaangalia bango tena. “Ile mashine ya zamani, nikiingia kwa jina langu, nilikuwa natokea kwenye matangazo moja kwa moja. Eladio alinipangia hivyo, nisisumbuke. Naingia, naona Mkuyuni, najua nipo kwangu.”

“Na fundi wa Cartago,” Grettel akasema, “hakujua mipango yenu. Amewapangia wote mlango mmoja, mkiingia mnatokea kwenye hazina, kwa sababu ndiyo folda kubwa kuliko zote. Yorleny alizoea kutokea ukumbini, kwenye folda ya juu inayobeba nyingine zote, ndiyo maana mashine ikamgomea. Wewe haikukugomea, Don Arnoldo. Uliyoyasema wewe yanakubalika ukiwa umesimama popote. Hebu tuone.”

Akaingia kwa jina la mkurugenzi. MKUYUNI. Akafungua kumbukumbu ya amri zake za Jumapili. Ulikuwapo mstari mmoja tu: *Peleka vyote vilivyomo humu stoo.*

Akapandisha nyuma, mwezi wa saba, wa sita, mwaka jana, mwaka juzi, kumbukumbu zote zilizohamishwa na ile diski. Kila mwezi mstari ule ule. Zile herufi tatu hazikuonekana hata mara moja.

“Hujawahi kuuliza uko wapi,” Grettel akasema. “Hata siku moja.”

“Niulize njia?” Don Arnoldo akang'aka, na ile haikuwa sauti ya redio tena, ilikuwa ya mtu wa San Ramiro aliyetukanwa. “Mimi ni mtu wa hapa!”

Yorleny akauma mdomo asicheke. Grettel akaandika p, w, d kwa niaba ya mkurugenzi, akamgeuzia kompyuta asome mwenyewe, na Don Arnoldo akasoma kwa sauti ndogo, herufi kwa herufi, jina la folda aliyokuwa anasimama ndani yake tangu mashine ilipokuja: hazina.

“Stoo hufunguliwa na nani?” Grettel akauliza.

“Hakuna anayefungua stoo,” Yorleny akasema. “Nani anataka kusikia bei za mwaka jana?”

Grettel akaingia stoo. Majina ya mafaili yakaanza kuteremka kwenye skrini, yakateremka, yakateremka. Marimba. Mechi. Harusi ya fulani na fulani. Yorleny akasimama ghafla. “Hilo,” akasema, “hilo hapo, mama, lifungue.”

Ilikuwa sauti ya mzee mmoja mwenye kikohozi, akiwatangazia watu wote kwamba ng'ombe wake Paloma amepotea, ana doa jeupe begani na tabia mbaya, na atakayemwona asimkaribie kwa nyuma. Yorleny alisikiliza amejishika shavu, anatabasamu mpaka mwisho. “Baba,” alisema tu. Na Don Arnoldo, ambaye aliwahi kupigwa teke na ng'ombe huyo huyo, akajifuta macho kwa leso kubwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya utaratibu. Grettel aliandika taarifa yake kwamba hakuna wizi, hakuna kosa la jinai, na hakuna wa kukamatwa, akatia sahihi, kisha akaruhusu mashine halisi iguswe. Aliyerudisha hazina mahali pake ni Yorleny. Kabla ya kila amri aliuliza yuko wapi, na mkurugenzi akasimama nyuma yake akisoma kila jibu kwa midomo, bila kuchoka. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita.

“Wasikilizaji wanasubiri pingu,” Don Arnoldo akasema kwa unyonge. “Sasa nitawaambia nini?”

“Hilo si la idara yangu,” Grettel akajibu, akifunga begi lake kwa furaha.

Don Arnoldo akaingia studio. Yorleny akakaa kwenye mitambo, akavaa vipokea sauti kichwani, mahali pake pa siku zote, na Grettel akaegemea kioo kuangalia. Taa nyekundu ikawaka.

“Wasikilizaji wapendwa,” Don Arnoldo akaanza, sauti nene, “kuhusu suala la hazina, imebainika kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi ambayo…”

Yorleny akashusha kitufe cha maiki ya Don Arnoldo mpaka chini. Hewani pakawa kimya. Chini, kwenye duka la dawa za mifugo, watu nao wakanyamaza. Don Arnoldo akamtazama kupitia kioo, naye akamtazama, mkono juu ya kitufe, hana hasira, hana haraka. Mkurugenzi akalegeza mabega. Akaitikia kwa kichwa, na Yorleny akampandishia sauti tena.

“Mimi ni Arnoldo Quirós,” akasema. “Niliwaambia kwamba Yorleny Chinchilla ni mwizi. Si kweli. Hajaiba kitu wala hajafuta kitu. Mimi ndiye niliyehamisha hazina kwa mkono wangu, bila kuuliza niko wapi. Yorleny, mbele ya watu wote hawa, naomba unisamehe.”

Taa nyekundu ikazimika. Kule chini mtu alipiga makofi, na simu ya studio ikaanza kulia. Don Arnoldo akatoka, jasho linamtiririka, akafika mbele ya mitambo.

“Yameisha, binti yangu?” akauliza.

Yorleny akavua vipokea sauti, akavitundika shingoni. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

“Uliniita mwizi kwenye taarifa ya asubuhi, ya mchana na ya jioni,” akasema. “Hiyo ni ya mchana. Bado mbili.”